Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuilaumu Betri, Itazame Chaja

Barua zilizotufikia kuhusu betri ndogo za kuchaji, zile za AA na AAA tunazozitia kwenye tochi, rimoti, redio, saa za ukutani na vitu vya watoto vya kuchezea, zinafanana kwa jambo moja: karibu kila msomaji analalamikia betri, na ni wachache mno wanaoeleza chaja wanayotumia ni ya namna gani. Nimechagua barua zinazowakilisha nyingine na kuzijibu kwa mfululizo, kwa sababu majibu yake yanategemeana. Isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo, betri ninazozungumzia ni zile za nikeli zenye alama ya NiMH ubavuni, ambazo ndizo zilizoenea zaidi majumbani.

SWALI: Nilinunua betri nne za AA za kuchaji zikiwa pamoja na chaja yake katika pakiti moja. Miezi ya mwanzo zilifanya kazi vizuri sana. Sasa tochi yangu, ambayo hutumia betri mbili, huwaka dakika chache tu kisha mwanga unafifia. Nikizibadilisha badilisha, mara inawaka muda mrefu, mara haiwaki kabisa. Muuzaji anadai nimezichaji kupita kiasi, ilhali mimi nafuata maelekezo yaliyo kwenye pakiti: nazichomeka usiku, asubuhi nazitoa. Kosa liko wapi?

JIBU: Muuzaji amesema kweli kwamba betri zako zimechajiwa kupita kiasi, lakini amekosea kukubebesha lawama wewe. Aliyefanya hivyo ni chaja, na kwa jinsi unavyoieleza, isingeweza kufanya vinginevyo.

Chaja nyingi zinazouzwa pamoja na betri kwa bei nafuu hazijui kama betri imejaa. Kazi yake ni kusukuma mkondo mdogo wa umeme bila kukoma, au kuusukuma kwa saa kadhaa zilizopangwa kiwandani kisha kujizima. Mpango huo unafaa endapo betri imeingia ikiwa tupu kabisa na ina ujazo uleule aliokuwa nao akilini mtengenezaji. Betri tupu yenye ujazo wa miliampia-saa 2000 (mAh kwenye ganda lake), ikichajiwa kwa mkondo wa miliampia 200, huhitaji saa 14 hadi 16 ili ijae. Lakini nani kati yetu husubiri betri iishe kabisa? Tunaichomoa kwenye rimoti ikiwa imebakiza nusu, tunaiweka kwenye chaja, nayo inapewa saa zilezile ambazo ingepewa betri tupu. Nusu ya kwanza inaingia kama chaji. Kinachofuata kinageuka kuwa joto.

Betri ya nikeli ikishajaa na umeme ukaendelea kuingia, oksijeni huanza kuzalika ndani yake upande wa chanya. Imeundwa kuimeza oksijeni hiyo upande wa hasi, na kule kuimeza ndiko kunakoleta joto unalolihisi ukiishika. Mkondo ukiwa mdogo, betri huvumilia kwa muda. Mkondo ukiwa mkubwa, au uvumilivu huo ukidaiwa usiku baada ya usiku, mgandamizo hupanda hadi kidirisha kidogo cha usalama kilichofichwa chini ya ncha ya chanya kinafunguka na kutoa hewa pamoja na unyevunyevu wa ndani. Unyevunyevu huo haurudi. Betri iliyoupoteza hukauka taratibu, na betri iliyokauka hupokea chaji kidogo na kuitoa kwa shida, hata kama ganda lake linang'aa kama jipya.

Kuna tatizo la pili, ambalo ndilo linaloeleza kwa nini kubadilisha badilisha betri kunakupa matokeo tofauti kila mara. Chaja za aina hiyo huchaji betri mbili mbili kama jozi: umeme hupita katika betri ya kwanza ndipo uingie katika ya pili. Zikiwa na chaji sawa, hakuna neno. Zikitofautiana, yenye chaji nyingi itajaa mapema na kuendelea kuteswa huku mwenzake akisubiriwa, au chaja itakoma wakati mwenzake hajajaa. Ukizirudisha kwenye tochi, ile iliyopungukiwa inakwisha kwanza, na mwenzake mwenye nguvu anaendelea kuulazimisha umeme upite ndani yake hadi chanya na hasi zake zinageuzwa. Hapo betri dhaifu inaumia zaidi, na safari inayofuata tofauti kati yao inakuwa kubwa zaidi. Mimi mwenyewe niliwahi kupima betri nne zilizotoka kwenye redio iliyokuwa ikizima ovyo: tatu zilisoma karibu volti 1.25, ya nne ikasoma volti 0.4. Nilikuwa nimekwisha kuamua kuzitupa zote nne, kumbe tatu zilikuwa nzima.

Kwa hiyo usizitupe bado. Tafuta, hata kwa kuazima, chaja inayoichaji kila betri peke yake, zichaji zote nne, kisha uziache zipumzike siku moja na uzipime kwa mita ndogo ya umeme inayosoma volti (multimita). Itakayoonekana imeanguka chini sana ya wenzake ndiyo iliyokuwa inawaangusha wengine.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba ninunue "chaja yenye akili". Madukani kila chaja inajinadi hivyo. Mtu asiye fundi ataitambuaje iliyo ya kweli?

JIBU: Nakushukuru kwa swali hili, kwa sababu jina hilo limechoshwa na matangazo hadi halina tena maana ya kutegemewa. Liache jina, tazama mambo yanayoonekana.

La kwanza ni kama chaja inamhudumia kila betri kivyake. Chaja nzuri ina kitaa au alama kwenye kioo kwa kila nafasi, na inakubali betri moja, mbili, tatu au nne bila ubaguzi. Ukiruhusiwa kuijaribu, weka betri moja tu. Kama haiwaki mpaka uongeze ya pili, hiyo ni chaja ya jozi na sikushauri uichukue. Soma pia maelezo ya nyuma ya boksi: yakisema "chaji betri 2 au 4", umekwishajibiwa. Vitaa vinne peke yake si uthibitisho kamili, kwa kuwa nimeona chaja yenye vitaa vinne ambavyo huwaka na kuzimika viwili viwili. Ndiyo maana jaribio la betri moja ni bora kuliko macho.

La pili ni namna inavyotambua kwamba betri imejaa. Wakati wa kuchaji, volti za betri ya nikeli hupanda polepole hadi karibu 1.45 au 1.5, na inapofika kikomo, badala ya kuendelea kupanda, hushuka kidogo. Kushuka huko ni kudogo mno, takriban milivolti 5, yaani sehemu 5 kati ya elfu moja za volti. Chaja ya maana inakesha ikikisubiri kishuko hicho, na inapokiona hukata mkondo. Kwenye maelezo ya chaja utaona jambo hilo likiandikwa kwa alama ya −ΔV. Ukiiona alama hiyo, pamoja na maelezo kwamba chaja hupima joto la betri na ina kikomo cha muda kama kinga ya mwisho, basi umeshika kitu cha kutegemewa. Kinga hizo tatu husaidiana. Moja ikipitwa, nyingine inadaka.

La tatu ni mkondo, na hapa ningependa tukae kidogo, maana watu wengi hudhani kwamba kuchaji polepole ndiko kuzuri siku zote. Kwa chaja isiyojua kuacha, ni kweli: polepole kuna madhara machache. Kwa chaja inayosubiri kishuko cha volti, polepole mno ni kasoro, kwa sababu mkondo ukiwa hafifu kishuko chenyewe kinafifia kiasi cha kutoonekana, na chaja inapitiliza bila kujua. Betri ya AA ya miliampia-saa 2000 hufaidika na mkondo wa kati ya miliampia 500 na 1000. Ya AAA yenye 800 inatosheka na 300 hadi 400. Chaja inayokuruhusu kuchagua mkondo kwa kila nafasi ni nzuri zaidi, na inayopunguza mkondo yenyewe ikiwekewa AAA inatosha kabisa kwa nyumba ya kawaida. Zipo pia zinazojigamba kujaza betri kwa muda wa robo saa. Zinafanya hivyo kweli, lakini kwa joto kali, na kila mara betri hulipia kwa umri wake. Ya namna hiyo iwe ya dharura.

Muda wa kuchaji unaweza kuukadiria mwenyewe. Gawa ujazo wa betri kwa mkondo wa chaja, kisha ongeza robo kwa ajili ya kinachopotea. Betri ya 2000 kwa mkondo wa 500 ni saa 4, ukiongeza robo ni 5. Katika chaja ya polepole sana kinachopotea ni kingi zaidi, na ndiyo maana kwa mkondo wa 200 tulisema saa 14 hadi 16 badala ya 12 na nusu. Hesabu hii ina faida nyingine: kama chaja inatangaza "imejaa" baada ya dakika 20 kwa betri uliyojua kuwa ni tupu, betri hiyo imezeeka au chaja imedanganyika.

Mwisho, kagua kwamba inapokea volti 100 hadi 240, au kwamba inatumia waya wa USB na inataja wazi inahitaji ampia ngapi. Chaja ya betri nne inayohitaji ampia 2, ukiichomeka kwenye kichwa cha simu cha zamani cha nusu ampia, itajikokota au itakuwa ikijizima na kuwaka, kisha mwenyewe utafikiri ni mbovu.

SWALI: Betri za kawaida zimeandikwa volti 1.5, za kuchaji zimeandikwa 1.2. Je, vifaa vyangu haviharibiki kwa kupewa umeme pungufu?

JIBU: Haviharibiki, na aghalabu havitambui tofauti. Hiyo 1.5 ya betri ya kawaida ni ya siku ya kwanza. Tangu unapoanza kuitumia, volti zake hushuka bila kusimama, na ikifika katikati ya maisha yake huwa karibu na 1.2 vilevile, kifaa kilichotengenezwa vizuri kimeandaliwa kufanya kazi hadi karibu na volti 1. Betri ya nikeli hutoka kwenye chaja ikiwa na volti 1.4 hivi, ikatua karibu na 1.2, kisha ikabaki hapo kwa sehemu kubwa ya safari yake kabla ya kuporomoka mwishoni. Katika vifaa vinavyovuta umeme mwingi, kama kamera, taa yake ya mmweko, au gari la mtoto la kuchezea, ya kuchaji huishinda ya kawaida kwa mbali, kwa kuwa ya kawaida hulemewa inapodaiwa umeme mwingi kwa mkupuo.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, kifaa chenye alama ya kuonyesha kiasi cha chaji kinaweza kusema "betri inaisha" ilhali bado ina nguvu nyingi, kwa sababu kilifundishwa kusoma volti za betri ya kawaida. Pili, kifaa kinachotumia betri nyingi kwa mstari hukusanya upungufu: betri nane za 1.5 zinaleta volti 12, nane za 1.2 zinaleta 9.6, na si kila kifaa kitakubali. Kwa king'ora cha moshi, fuata aina ya betri aliyoitaja mtengenezaji wake, wala usijaribu nyingine.

SWALI: Kwenye saa ya ukutani na rimoti betri zangu za kuchaji hukaa wiki chache tu. Je, hazifai kwa kazi hiyo?

JIBU: Inategemea ni za kizazi gani. Betri za nikeli za zamani zilikuwa zikipoteza chaji zikiwa zimekaa tu, kiasi kwamba baada ya miezi michache ungezikuta karibu tupu kabatini. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilileta sokoni betri za Eneloop zilizopunguza sana upotevu huo, na tangu hapo watengenezaji wengine wamefuata njia hiyo. Betri za aina hii hubakiza zaidi ya robo tatu ya chaji baada ya mwaka mzima, na utazitambua kwa maelezo kwamba zimeshachajiwa kiwandani na ziko tayari kutumika. Ujazo wake ni wa wastani, 1900 au 2000 hivi kwa AA, na huo kwangu ni uungwana: mtengenezaji anapokamua ujazo wa juu kabisa ndani ya ganda lilelile, anachopunguza ni uimara.

Hapo hapo nimjibu msomaji mwingine aliyeuliza kuhusu AA zilizoandikwa miliampia-saa 4000. Hazipo. Betri halisi ya AA ya nikeli ikivuka 2700 ni nadra, na ya AAA huishia karibu na 1100. Kwa betri kubwa za D, ziinue mkononi kabla ya kulipa. D halisi ya nikeli ina uzito wa gramu zaidi ya 140. Ukikuta nyepesi kama ganda tupu, ndani mna kibetri cha AA kilichovishwa koti kubwa.

SWALI: Je, naweza kuchaji betri za kawaida zilizokwisha? Jirani anasema yeye huzichaji na zinapata nguvu kidogo.

JIBU: Tafadhali usifanye hivyo, na umwombe jirani aache. Betri ya kawaida ya alkalaini haikuundwa kupokea umeme. Inapolazimishwa hutengeneza gesi isiyo na pa kwenda, na mwisho wake ni kuvuja au kupasuka. Majimaji yake huchubua ngozi na ni hatari kwa macho. Ukikuta ule unga mweupe kwenye nyumba ya betri ya redio, vaa glavu, tia tone la siki kwenye pamba iliyozungushiwa kijiti, sugua springi hadi unga uishe kutoa mapovu, pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kausha vizuri. Ziko alkalaini chache zilizotengenezwa makusudi ili zichajiwe, lakini hizo huandikwa hivyo na zina chaja yake.

SWALI: Mimi ni mstaafu, na usikivu wa redio ndio starehe yangu. Mjukuu wangu ameniletea betri za AA zilizoandikwa lithiamu, volti 1.5, zenye kitundu kidogo cha waya. Naweza kuziweka katika chaja yangu ya siku zote? Na mbona redio imeanza kukoroma?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Naomba usiziweke katika chaja hiyo hata kidogo. Ndani ya kila moja ya betri hizo kuna kibetri cha lithiamu cha volti 3.7 au karibu na hapo, pamoja na saketi ndogo inayopunguza volti hizo hadi 1.5. Huchajiwa kwa waya wake kupitia kitundu ulichokiona, au kwa chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake. Chaja yako ya nikeli inasubiri kile kishuko cha volti nilichokieleza hapo juu, na betri ya lithiamu haikitoi. Kinyume chake ni hatari zaidi: chaja ya lithiamu hulenga volti 4.2 kwa betri moja, na ya nikeli ikiwekwa humo itasukumiwa umeme hadi ichemke.

Kukoroma kwa redio kunatokana na ile saketi ya kupunguza volti. Huwaka na kuzimika mara nyingi mno kwa sekunde, na kelele zake huingia kwenye redio, hasa katika masafa ya kati na mafupi; kwenye FM mara nyingi hutazisikia. Kwa starehe yako, mzee wangu, betri za nikeli ni tulivu zaidi. Hizo za mjukuu zitafaa sana kwenye tochi au kwenye kifaa kinachokataa volti 1.2, ila ujue kwamba huwaka kwa nguvu ileile mpaka mwisho kisha huzimika ghafla bila kukuaga.

Kwa wasomaji wote naongeza onyo moja. Kuna betri ya lithiamu iitwayo 14500 yenye umbo lilelile la AA, milimita 14 kwa 50, lakini inatoa volti 3.7 bila saketi ya kupunguza, na ikijaa inafika 4.2. Ukiitia kwenye rimoti au kitu cha mtoto cha kuchezea unaweza kukiunguza papo hapo. Vilevile ziko AA za lithiamu ambazo si za kuchaji kabisa. Kwa hiyo neno lithiamu peke yake halitoshi. Tafuta volti, na tafuta neno linalosema kwamba inachajika.

SWALI: Kwetu umeme hukatika na kurudi mara kadhaa kwa usiku mmoja. Nikiacha betri kwenye chaja kuna ubaya? Na ni kweli kwamba lazima niziache ziishe kabisa kabla ya kuzichaji?

JIBU: Swali la umeme ni zuri sana, na maelekezo ya kwenye pakiti hulipita kimya. Chaja inayotegemea saa haikumbuki chochote umeme unapokatika. Ikiwa imepangiwa saa 8, na umeme ukakatika baada ya saa 7, unaporudi inaanza kuhesabu saa 8 upya. Mkato mmoja tu wa namna hiyo unaweza kuipa betri karibu maradufu ya chaji inayoihitaji. Chaja inayosubiri kishuko cha volti nayo huanza upya, lakini ikiikuta betri imejaa hutambua baada ya dakika chache na kuacha, kwa hiyo madhara ni madogo. Ukiwa na chaja ya saa tu, chaji mchana ukiwa karibu, na umeme ukirudi weka wewe mwenyewe hesabu ya muda uliobaki.

Iwe umeme ni wa kutulia au la, iweke chaja juu ya kitu kigumu kisichoshika moto, mbali na kitanda, mapazia na jua, mahali panapopita hewa. Sehemu yenye nyuzijoto kati ya 10 na 30 ndiyo inayozifaa betri za nikeli. Kuwa na uvuguvugu kuelekea mwisho wa kuchaji ni kawaida; kama huwezi kuendelea kuishika betri mkononi, ichomoe chaja kwenye soketi kwanza, kisha uache betri ipoe kabla ya kuigusa. Zikishajaa, zitoe. Chaja nyingi huendelea kudondosha mkondo kidogo kidogo baada ya kujaza, na ijapokuwa hilo halileti hatari kwa siku moja au mbili, kuziacha humo majuma mazima hakuzisaidii chochote.

Kuhusu kuziacha ziishe kabisa, huo ni ushauri uliorithiwa kutoka kwa betri za nikeli na kadimiamu, ambazo Waldemar Jungner wa Uswidi alizibuni mwaka 1899 na ambazo zilitawala majumbani kwa miongo mingi. Hizo ndizo zilizosifika kwa "kukumbuka" kiwango ulichozoea kuzichaji. Kwa sababu kadimiamu ni sumu, matumizi yake yamebanwa, hasa katika Umoja wa Ulaya tangu sheria yao ya betri ya mwaka 2006. Betri za NiMH zina tabia hiyo kwa kiasi kidogo sana. Zichaji wakati wowote unaokufaa. Kuziacha zikamuliwe hadi tone la mwisho, hasa zikiwa mbili au nne kwenye kifaa kimoja, ndiko kunakozigeuza chanya na hasi kama nilivyomweleza msomaji wa kwanza. Mwanga wa tochi ukianza kufifia, zitoe.

SWALI: Nimefuata ushauri na kununua chaja nzuri, lakini sasa inakataa betri mbili kati ya sita nilizo nazo. Kitaa chekundu kinapepesa tu. Ile chaja ya zamani ilikuwa inazipokea zote. Je, nimepata hasara?

JIBU: Hujapata hasara, chaja ya zamani ilikuwa inazipokea kwa sababu haikuwa na uwezo wa kuzikagua. Kukataliwa kuna maana mbili tofauti, na mita ya umeme itakuambia ni ipi. Pima betri iliyokataliwa ikiwa nje ya chaja.

Ikisoma chini ya volti 0.8 au 0.9, huenda ilikamuliwa kupita kiasi na chaja inadhani si betri ya kuchaji au ina hitilafu. Hapa ndipo ile chaja ya zamani inapofaa: iweke humo kwa dakika 10 hivi huku ukiitazama na kuigusa mara kwa mara, na mara volti zake zitakapovuka 1 uihamishie kwenye chaja mpya. Baadhi ya chaja zina kazi maalumu ya kuamsha betri za namna hii, ya kuchaji kwa mkondo mdogo kwa saa 16, kuitoa chaji yote hadi volti 1, kisha kuchaji tena. Kama yako inayo, itumie badala ya njia ya mkono. Mizunguko miwili au mitatu inaweza kuirudishia betri sehemu kubwa ya ujazo iliyoonekana kupotea.

Ikisoma volti 1.2 au zaidi na bado inakataliwa, mambo ni mengine. Hiyo imekauka ndani, na ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, umekuwa mkubwa. Chaja inapoijaribu kwa mkondo, volti zinaruka juu kupita kiasi, nayo inajitoa. Hakuna dawa. Usiitupe motoni wala kuichanganya na taka za jikoni. Iweke kando katika chombo kisicho cha chuma mpaka upate mahali panapokusanya betri chakavu.

Nne zilizobaki, na zile utakazofanikiwa kuziamsha, ziandike kwa kalamu ya wino usiofutika: mwezi na mwaka uliozinunua, na herufi ya kundi lake. Zilizonunuliwa pamoja zifanye kazi pamoja na kuchajiwa pamoja, wala usizichanganye na za jirani au za ujazo mwingine. Ukibaki na moja isiyo na mwenzake, na bado ni nzima, ipeleke kwenye saa ya ukutani, ambayo aghalabu hutumia betri moja tu.